Magauni 41 na Siku Nne za Kwaresima

Kwa miaka mingi nilisoma Biblia kama mtu anayechuma maembe: nachukua lililoiva, lililo karibu na mkono. Nikiwa na hofu, Zaburi ya 23. Mtoto akipata homa, ya 91. Wateja wakipungua, natafuta mahali panaponiambia kwamba Mungu hataniacha. Simlaumu anayesoma hivyo, maana maneno hayo yamenivusha usiku mwingi. Lakini Kwaresima ya mwaka 2019 Maandiko yalinijia kwa mpangilio ambao sikuupanga mimi, siku nne mfululizo, na kwa kuwa sikuupanga sikuweza kuukwepa.

Mimi ni fundi cherehani hapa Bagamoyo. Fremu yangu ina cherehani mbili za miguu, meza ya kukatia na pasi ya mkaa kwa siku umeme ukikatika. Tangu 2014 ni msomaji katika kanisa la Misheni. Ukitokea mjini unapita chini ya miembe mikubwa, ile waliyopanda mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu waliofika hapa kutoka Unguja mwaka 1868. Kazi yao ya mwanzo hapa ilikuwa kuwakomboa watumwa na kuwajengea kijiji. Kila mtoto wa Bagamoyo amepelekwa na shule kwenye makumbusho ya Misheni kuona minyororo. Nasi wenyeji tumeizoea, kama mtu anavyoizoea bahari.

Aliyetufundisha usomaji alikuwa katekista mstaafu, mzee wa maneno machache. Alitukataza kabisa kukutana na somo kwa mara ya kwanza tukiwa mimbarini. Lisomwe nyumbani, jioni ya kuamkia, kwa sauti, mara tatu. Mara ya kwanza kwa ajili ya ulimi, ili usijikwae. Mara ya pili kwa ajili ya masikio ya watu. Mara ya tatu kwa ajili yako mwenyewe. "Na hiyo ya tatu," alisema, "ndiyo mnayoiruka."

Alitufundisha pia kusoma kalenda ya liturujia, jambo ambalo waumini wengi hawalijui ingawa wanaliishi kila juma. Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C: mwaka wa Mathayo, wa Marko na wa Luka, na Yohane akiingia hasa Kwaresima na Pasaka. Siku za juma katika Kipindi cha Kawaida, somo la kwanza huzunguka kwa miaka miwili. Lakini siku za juma za Majilio (majuma ya kungojea Noeli), Kwaresima na Pasaka hazizunguki. Masomo yake ni yale yale mwaka hadi mwaka. Mpangilio huu ulitolewa 1969, baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, ule mkutano mkuu wa maaskofu wa Kanisa Katoliki. Maana yake ni kwamba Ijumaa baada ya Majivu, uwe na furaha au msiba, uwe umelipa madeni au hujalipa, utakutana na Isaya 58. Haulizi kama uko tayari.

Mwaka ule Jumatano ya Majivu iliangukia tarehe 6 Machi. Majivu yenyewe yanatokana na matawi ya mwaka uliotangulia, yale makuti ya mnazi tunayoyapunga Jumapili ya Matawi na kisha kuyachomeka juu ya milango mpaka yakauke. Langu nilikuwa nimelichomeka juu ya cherehani. Siku hiyo nabii Yoeli anasema, "rarueni mioyo yenu, wala si mavazi yenu." Mimi fundi, mtu wa mavazi, nililisikia neno hilo nikatikisa kichwa kwa kuridhika, nikarudi kazini mbio. Maana tarehe 8 Machi ilikuwa Siku ya Wanawake.

Mafundi wenzangu wanajua maana yake. Kila kikundi cha akina mama kinataka sare ya kitenge, na kila mmoja anataka mshono wake: huyu mkono wa puto, yule sketi ya pande sita, mwingine amenenepa tangu nimchukue vipimo na anataka nifumue. Nilikuwa nimepokea oda kupita uwezo wangu. Niliweza kuzipokea kwa sababu nilikuwa na msichana.

Simtaji jina. Alitoka Kiwangwa, kwenye mashamba ya mananasi, na mama yake alinilipa ada ya kumfundisha. Alikuwa mwepesi wa mkono kuliko mimi nilipokuwa na umri wake. Kufikia mwisho wa 2018 alikuwa anashona gauni mwanzo hadi mwisho, mimi nikikata tu. Tukakubaliana kwamba kuanzia Januari nitampa shilingi 1,500 kwa kila gauni. Nikaandika kwenye daftari, mstari kwa kila moja. Januari ikaisha. Februari ikaisha. Kila alipouliza nilimwambia, "Tumalize kwanza hizi oda, mdogo wangu." Nilikuwa na nia ya kulipa, hilo nalisema mbele ya Mungu. Lakini fedha zilipoingia niliziweka kando, maana nilikuwa natafuta mashine ya ovaloki, ile ya kufunga kingo za kitambaa zisifumuke, nami nilijiambia kwamba ovaloki itatusaidia sote wawili.

Alhamisi ile ya tarehe 7 tulishona mpaka saa sita usiku. Nilimkuta amesinzia, paji la uso limeegemea kichwa cha cherehani. Nilimwamsha. Nilimwamsha kwa upole, lakini nilimwamsha.

Somo la kesho yake lilikuwa zamu yangu. Nililisoma mara moja, nikala kipande cha muhogo, nikalala.

Misa ya asubuhi ni saa kumi na mbili na nusu. Kanisani tulikuwa wachache: masista, wazee, akina mama wawili watatu wanaopitia kabla ya kwenda kupokea samaki. Nikapanda mimbarini. Mimbari ilikuwa imevikwa kitambaa cha zambarau cha Kwaresima, ambacho tulikuwa tumekishona ofisini kwangu majuma mawili kabla. Mimi nilidarizi msalaba. Pindo alilipiga yule msichana kwa mkono, mshono mdogomdogo usioonekana, kwa sababu nilimwambia kwamba kitu cha Mungu hakipigwi pindo kwa mashine.

Nikasoma. Watu wa Isaya wanamlalamikia Mungu: mbona tumefunga, lakini huoni? Na Mungu anawajibu: "siku ya kufunga kwenu mnatafuta anasa zenu wenyewe, na kuwalemea wote wafanyao kazi kwenu."

Kidole changu cha mkono wa kushoto kilikuwa kimeshika ukingo wa kitambaa, kama ninavyofanya nikiwa na wasiwasi. Nilikuwa naligusa lile pindo.

Niliendelea mpaka mwisho. Kufungua vifungo vya uovu, kuzilegeza kamba za nira, kuwaacha huru walioonewa. Nikasema "Neno la Bwana", wakaitikia, nikashuka. Nadhani hakuna aliyeona kitu. Nami nilijitetea njiani kote, chini ya miembe ile. Isaya alikuwa anasema na wakubwa, na wenye watumwa. Mimi ni fundi wa fremu moja, nadaiwa kodi ya pango. Na huyu msichana nimemfundisha kazi, anakula kwangu mchana. Nilipofika ofisini nilikuwa nimekwisha kujiachilia huru.

Jumamosi sikuwa na zamu. Nilikwenda Misa kwa sababu Kwaresima nimejiwekea hivyo, na nilikuwa nimesahau kwamba somo la Jumamosi ni mwendelezo wa sura ile ile. Kijana aliyesoma alisoma vibaya, akameza maneno, lakini hili alilitamka vizuri: "Kama ukiiondoa nira isiwepo kati yako." Nira ni neno la watu wa ng'ombe wa kulimia. Sisi wa pwani hii hatuna nira, lakini tuna neno kongwa, na kongwa nililifahamu tangu darasa la nne: gongo lenye panda, linafungwa shingoni mwa mtu, na ncha ya nyuma inamfikia mwenzake, wanatembea hivyo kutoka bara hadi hapa tulipo. Nabii hakusema uiondoe nira huko Misri wala Babeli. Alisema kati yako.

Jumapili ilikuwa ya kwanza ya Kwaresima, mwaka C. Somo la Kumbukumbu la Torati: mkulima analeta kapu la malimbuko na kukiri mbele ya altare kwamba baba yake alikuwa mtu wa kutangatanga, aliyeshuka Misri, na Wamisri wakawatesa na kuwatumikisha kwa kazi nzito. Maisha yangu yote, Misri ikisomwa, mimi nakaa upande wa Waisraeli. Ni nani asiyekaa huko? Jumapili ile, kwa mara ya kwanza, nilijiuliza kama yupo mtu mahali fulani ambaye akisikia habari za Farao anaiona sura yangu. Alikuwepo. Alikuwa amekaa kwenye benchi la nne upande wa kwaya, na macho yalikuwa yamemvimba kwa kukosa usingizi.

Bado sikulipa.

Jumatatu niliwahi kufungua ofisi, nikawasha redio, nikaizima, nikafungua misale ya waumini, kitabu cha sala na masomo ya Misa, niliyokuwa naiweka kwenye droo ya nyuzi. Jumatatu ya juma la kwanza la Kwaresima somo ni la Walawi, sura ya 19. Na humo, katikati ya amri za kutoiba na kutosema uongo, kuna amri kwamba ujira wa mtu uliyemwajiri usilale kwako hadi asubuhi. Injili yake ni Mathayo 25, kondoo na mbuzi, wale wanaouliza: Bwana, ni lini tulikuona?

Nikalifungua daftari. Mistari 41. Mara 1,500, ni shilingi 61,500. Nilizihesabu kutoka kwenye bahasha ya ovaloki, na alipoingia nilimpa kabla hajaketi. Nikamwomba radhi. Alizihesabu mara mbili mbele yangu, akazifunga kwenye pindo la khanga, akasema, "Asante, dada." Halafu akauliza gauni la kijani lianze au lisubiri uzi.

Nilitaka aseme neno zaidi. Nilitaka alie, au anilaumu, au aniambie yamekwisha. Sikulipata, na baadaye nimeelewa kwamba sikuwa na haki ya kulidai. Nilipokwenda kuungama, padre aliniuliza kwanza kama nimelipa, ndipo akaniuliza kama nimetubu. Mwezi Mei msichana aliniaga kwa adabu, akarudi kwao. Nasikia ana cherehani yake. Hajawahi kupita kunisalimia.

Jirani yangu wa fremu ya pili ni bibi mmoja Mwislamu, muuza vitumbua na mandazi, mtu wa swala tano. Nilimsimulia yote siku moja tukisubiri mvua ya masika ipungue. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwanangu, hilo na sisi tunalo. Mtume ametuambia tumlipe mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka." Akanyamaza kidogo. "Sasa la kwako lilikauka mara ngapi?" Nilihesabu kimoyomoyo. Usiku na asubuhi za miezi miwili na zaidi.

Kwaresima ile ilikuwa ndefu kwangu. Nilisali Njia ya Msalaba kila Ijumaa jioni, nilifunga, lakini sikumbuki mengi. Ninalokumbuka ni Mkesha wa Pasaka, tarehe 20 Aprili, kwa sababu nilipangiwa Kutoka, sura ya 14.

Mkesha una masomo tisa kamili, saba ya Agano la Kale, kisha Waraka na Injili. Padre anaweza kupunguza ya Agano la Kale usiku ukiwa mrefu, lakini hili la kuvuka bahari haliruhusiwi kuachwa. Kwa hiyo ni heshima kulisoma. Nami sikulitaka. Nilikuwa nimelisoma nyumbani mara tatu kamili, kama nilivyofundishwa, na mara ya tatu likanikwama. Kanisa letu liko hatua chache kutoka baharini. Waliofika hapa kwa minyororo nao walisimama mbele ya bahari, nyuma yao wenye bunduki. Bahari haikupasuka. Walipakiwa majahazini. Nitasimamaje mahali hapa, usiku, nisome kwamba maji yalikuwa ukuta mkono wa kuume na mkono wa kushoto?

Nilimfuata yule katekista nyumbani kwake. Nilimkuta uani anapukuchua mahindi. Baada ya shikamoo na habari za wajukuu nikamweleza. Hakunihubiria. Aliniuliza somo letu linaanzia mstari gani. Nikasema wa 15. Unasemaje? Nikasema, Mungu anamuuliza Musa kwa nini anamlilia, kisha anamwambia, "Waambie wana wa Israeli waendelee mbele." Akauliza: wakati anayasema hayo, bahari imekwisha kupasuka? Nikasema bado.

"Basi soma ukianzia hapo walipo," akasema. "Kanisani watakuwepo watu ambao bahari yao haijapasuka. Ukilisoma kama mtu aliyekwisha kuvuka, hawatakusikia. Na hao wa zamani unaowauliza, mimi sina jibu lao. Ila najua kwamba Bwana wetu naye aliuzwa kwa fedha, na hakushushwa msalabani."

Halafu akanipa mahindi ya kuchoma nirudi nayo nyumbani.

Usiku ule moto wa Pasaka uliwashwa nje, upepo wa bahari ukiulaza huku na huku. Tukaingia na mishumaa kanisani gizani, shemasi akaimba mbiu ya Pasaka. Ilipofika zamu yangu nilisoma taratibu. Nilifikiri juu ya wale wa kale, kisha juu ya msichana aliyekuwa anasinzia juu ya cherehani, na nikajua kwamba kwa miezi ile miwili mimi nilikuwa sehemu ya bahari yake. Sauti ilinitetemeka kidogo mahali pa magurudumu ya magari ya Wamisri. Kwaya ikapokea wimbo wa Musa. Wimbo wa Utukufu ulipoimbwa, baada ya majuma yote yale ya kuukosa, kengele zikapigwa mpaka mbwa wa jirani wakabweka, nami nililia bila kujificha.

Tangu hapo sichumi tena maembe ya karibu. Nasoma nililopewa kwa siku hiyo, hata lisiponipendeza, na mengi hayanipendezi. Majilio ni tofauti na Kwaresima, ndiyo maana nayo nimeyapenda kwa namna yake: joto limepanda, kaskazi imeanza kuvuma, na Injili inasema habari za bwana wa nyumba anayeweza kuja jioni, au usiku wa manane, au awikapo jimbi, au asubuhi. Mke wa mvuvi yeyote hapa anazijua saa hizo nne bila kuelezwa. Dada yangu ameolewa na mvuvi. Nilipomsomea sehemu hiyo ya Marko alisema tu, "Huyo aliyeandika alikuwa na mtu baharini." Na Kipindi cha Kawaida, kile cha kijani, ndicho kirefu kuliko vyote, majuma 33 au 34. Humo hakuna kilio wala shangwe kubwa, ni Yesu akitembea kijiji hadi kijiji, na mimi nikipiga pasi. Zamani nilikiona kama nafasi tupu kati ya sikukuu. Sasa nakiona ndipo madeni madogo yanapolipwa kwa wakati, au yanapoanza kulimbikizwa.

Mwaka 2025 Kwaresima ilianza siku chache tu baada ya mfungo wa Ramadhani kuanza, mtaa mzima ukawa umefunga. Bibi wa vitumbua alikuwa anauza jioni tu. Tarehe 6 Machi, Alhamisi, nilikuwa nafanya mazoezi ya somo la kesho yake, lile lile, kwa sauti, huku nikimalizia mkono wa gauni. Oda za Siku ya Wanawake zilikuwepo kama kawaida, ila nilikuwa nimepokea chache. Nina msichana mwingine sasa, wa Mlingotini, ana miezi minane kwangu. Nilipofika mara ya tatu aliniuliza, "Dada, kuwalemea maana yake nini?"

Nilisimamisha cherehani. Nje waliadhini magharibi, na bibi akaanza kugonga kikaango kuashiria kwamba vya kufuturu viko tayari. Nikamwambia aache kwanza hilo pindo, avute kigoda akae, kisha nikamwonyesha lile daftari la zamani na kuanza kumhesabia, gauni la kwanza, la pili, la tatu.